Hayati Profesa Henry Odera Oruka: Msomi Aliyewaendea Wazee

Penye wazee haliharibiki neno. Methali hii tumeifahamu tangu shule ya msingi, na kila mmoja wetu amewahi kuichomeka katika insha bila kufikiri mara mbili. Lakini hebu tujiulize, ni mzee yupi huyo? Je, ni kila mwenye mvi na bakora? Ni yule anayejua mila zote za ukoo na kuzikariri bila kukosea, au ni yule anayeweza kuziangalia mila hizo, akasema hii ni njema kwa sababu hii, na ile haifai kwa sababu ile? Kuna Mkenya mmoja aliyelifanya swali hilo kuwa kazi yake kwa zaidi ya miaka ishirini, akalipeleka hadi kwenye vyuo vikuu vya dunia. Huyo ni hayati Profesa Henry Odera Oruka, mwanafalsafa. Ndiye niliyemchagua katika toleo hili, kwa kuwa wengi wetu tunawajua wanariadha na wanasiasa wa nchi hii lakini wanafikra wake hatuwajui.

Odera Oruka alizaliwa tarehe 1 Juni mwaka wa 1944 huko Ugenya, Siaya, katika uliokuwa mkoa wa Nyanza. Ugenya si mbali na sisi watu wa Kakamega. Ukipita Mumias ukaendelea mbele, hukawii kusikia salamu zikigeuka kutoka Kiluhya kuwa Kijaluo, na wako watu wengi pale mpakani wanaosema lugha zote mbili. Babake, Mzee Oruka Rang'inya, alikuwa mtu aliyeheshimika kwa busara zake. Msomaji akumbuke jina la mzee huyu, maana tutakutana naye tena.

Kijana Odera alipata nafasi ya kwenda kusoma Sweden, katika Chuo Kikuu cha Uppsala. Hakupelekwa huko kusomea falsafa. Alipelekwa kusoma sayansi: hali ya hewa, jiografia na upimaji wa dunia. Naam, masomo ambayo mzazi yeyote wa Kenya wa wakati ule angeyafurahia, kwa sababu nchi ilikuwa imepata uhuru juzi tu na ilihitaji wataalamu. Basi huko Uppsala kijana akavutwa na falsafa. Aliyekuwa akiifundisha pale ni Ingemar Hedenius, mtu aliyejulikana kote Sweden tangu mwaka wa 1949 alipotoa kitabu cha kuwataka waumini watetee imani yao kwa hoja na wala si kwa mazoea. Mwanafunzi wa mtu kama huyo hawezi kuridhika na jibu la kwamba jambo ni kweli kwa kuwa ndivyo tulivyolikuta. Oruka hakuiacha sayansi. Aliyasoma yote mawili. Baadaye alivuka bahari akasoma pia katika Chuo Kikuu cha Wayne State mjini Detroit, Marekani, na kufikia mwaka wa 1970 alikuwa amekwisha kupata shahada ya udaktari. Jambo lililomshughulisha sana katika masomo hayo lilikuwa uhuru: mtu huwa huru kwa maana gani, na ni nini kinachoweza kumnyima uhuru hata kama hajafungwa pingu.

Mwaka huohuo wa 1970 alirudi nyumbani akaanza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Idara aliyoingia ilikuwa changa na ilichanganya falsafa na masomo ya dini. Mkuu wake alikuwa Askofu Stephen Neill, Mwingereza. Waafrika waliokuwa wakifundisha falsafa pale walikuwa wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Hapa inafaa tueleze hali ilivyokuwa, kwani bila hivyo hatutaona uzito wa kazi aliyoifanya. Katika Ulaya kulikuwa na wasomi wakubwa walioamini kwamba Mwafrika hana fikra za mantiki. Mfaransa mmoja, Lucien Lévy-Bruhl, aliandika vitabu vizima kuhusu akili ya mtu asiyestaarabika, kana kwamba binadamu wana akili za aina mbili. Kisha akaja Placide Tempels, padri Mbelgiji aliyefanya kazi Kongo, ambaye mwaka wa 1945 alitoa kitabu kuhusu falsafa ya Wabantu. Yeye alitaka kututetea. Alisema Wabantu wanayo falsafa yao, nayo imejengwa juu ya nguvu ya uhai iliyomo katika vitu vyote. Wengi walishangilia. Hatimaye Mwafrika naye amepewa falsafa!

Oruka hakushangilia. Aliona kwamba Tempels, pamoja na wema wake, ametuweka katika shimo lilelile kwa kutumia kamba nyingine. Kwa sababu ukisema Wabantu wote wanafikiri hivi, umesema kwamba hakuna Mbantu hata mmoja anayefikiri kivyake. Falsafa ya Ugiriki ina majina: Socrates, Plato, Aristotle, na hawa walipingana vikali. Ya Ujerumani nayo ina majina. Iweje ya Afrika iwe ya kijiji kizima, watu wote wakiitikia kwa sauti moja kama kwaya? Hata Profesa John Mbiti, Mkenya mwenzake aliyetoa kitabu mashuhuri kuhusu dini na falsafa za Kiafrika mwaka wa 1969, Oruka alimweka katika kundi hilohilo la wale wanaoandika fikra za kabila badala ya fikra za mtu. Mbiti alikuwa mtu mkubwa, na ilihitaji ujasiri kwa kijana wa miaka ishirini na kitu kusema hivyo.

Lakini kuna upande wa pili. Palikuwa na wasomi wa Kiafrika, hasa Paulin Hountondji wa Benin, walioshikilia kwamba falsafa ni maandishi na mabishano ya wasomi, basi. Ukifuata njia hiyo, ina maana falsafa ya Afrika imeanza juzi, chuo kikuu kilipofunguliwa. Babu zetu wote waliotangulia walikuwa wakiishi tu. Oruka hakukubali hilo pia. Alijua kwao Ugenya kuna wazee wanaofikiri, na shule hawakuiona.

Sasa angethibitishaje? Aliwaendea. Kuanzia mwaka wa 1974 yeye pamoja na wenzake na wanafunzi wake walianza kuzunguka mashambani wakiwa na kinasa sauti. Walikwenda Nyanza, Magharibi, Meru, Embu na Ukikuyu. Walifika katika mji wa mzee aliyesifiwa na majirani zake, wakaketi, wakaamkiana kwa heshima, wakaanza kuuliza. Maswali yenyewe hayakuwa ya kuuliza posho ya mahari ni ng'ombe wangapi. Waliuliza: Mungu ni nini? Kifo ni nini? Mwanamke na mwanamume ni sawa? Mtu mwema ni yupi? Ukweli ni nini? Na mzee alipojibu, hawakuishia pale. Walimpinga. Walimwuliza kwa nini, halafu kwa nini tena.

Ni katika kupinga huko ndiko Oruka aliwagundua wazee wa aina mbili. Wapo wanaojua kila kitu cha jadi yao. Ukiwauliza watakueleza vizuri mno, kwa methali na hadithi, lakini ukiwabana kwa swali watakuambia ndivyo walivyosema wahenga, mazungumzo yamekwisha. Hao aliwaita wahenga wa jadi, na aliwaheshimu. Halafu wapo wachache ambao ukiwabana hawakimbilii kwa wahenga. Wanasimama hatua moja nje ya mila yao wenyewe, wanaiangalia, wanaitetea mahali inapofaa na kuikosoa mahali isipofaa, na wanatoa sababu zao wenyewe. Hao aliwaita wahenga wanafalsafa. Tofauti haiko katika elimu wala umri. Iko katika jinsi mtu anavyozitambua fikra zake mwenyewe: je, anajua kwamba anaamini, na anajua kwa nini anaamini?

Tutoe mfano wa jirani zetu. Mmoja wa waliohojiwa alikuwa Mbukusu, Mzee Okemba Simiyu Chaungo. Alipoulizwa ukweli ni nini, alijibu kwa kifupi kwamba ukweli ni jambo kuwa jinsi lilivyo. Chupa iliyo mbele yetu ikiitwa chupa, huo ndio ukweli. Wanafunzi wa falsafa wanaweza kuisoma miaka mitatu mada hiyo na warudi palepale! Lakini utamu uko katika swali lililofuata. Kama ukweli ni rahisi hivyo, mbona watu husema uongo? Mzee akaeleza kwamba mwongo hudanganya kwa sababu kuna anachokitafuta. Anataka kula, anataka sifa asizozistahili, anataka faida ya ujanja. Yaani uongo hautokani na kutojua. Mwongo anaujua ukweli vizuri sana, ila tamaa imesimama mbele ya anachokijua. Swali la jinsi mtu anavyoweza kulijua jema na bado akatenda baya liliwasumbua Wagiriki, na linawasumbua wanafalsafa wa maadili mpaka leo. Mzee wa Kibukusu alilishika kwa mikono miwili.

Mwingine alikuwa Mzee Paul Mbuya Akoko, Mjaluo. Huyu aliulizwa kuhusu Mungu. Alisema watu wake hapo kale walidhani Mungu wao ni wao peke yao, na makabila mengine yana wa kwao. Mbuya akasema hapo walikosea. Kama miungu ingekuwa mingi, kila mmoja na eneo lake, basi mambo ya ulimwengu yangekwenda shaghalabaghala, hapa hivi na kule vile. Nasi tunaona ulimwengu unakwenda kwa utaratibu mmoja. Tazama, msomaji: hapa mzee anawakosoa mababu zake kwa hoja, hadharani, bila kuwatukana. Naye Mzee Oruka Rang'inya, babake msomi wetu, pia alihojiwa na mazungumzo yake yamo kitabuni. Wengine wangesema huo ni upendeleo. Mimi naona ni haki tu, maana aliyemfundisha mtoto kuuliza maswali asiachwe nje.

Kuna jambo moja ambalo halinipendezi. Wanawake katika orodha ile ni wachache mno. Yupo Peris Njuhi Muthoni, na baada yake unatafuta. Watafiti waliuliza majirani ni nani mwenye busara, na majirani wakamtaja mwenye kiti cha baraza. Mabibi waliokuwa wakiamua kesi za jikoni na za mashamba, na ambao sote tunawajua, hawakufikiwa sana.

Mwaka wa 1978 Oruka alikwenda Accra, Ghana, kwenye mkutano wa kumkumbuka Anton Wilhelm Amo. Amo alitolewa pwani ya Ghana akiwa mtoto, akakulia Ujerumani, na katika miaka ya 1730 alikuwa akifundisha falsafa katika vyuo vya Halle na Jena. Mwaka wa 1734 alitetea tasnifu kuhusu swali la kama hisia ziko katika roho au katika mwili. Kumbe Mwafrika alikuwa akifundisha Wazungu habari za nafsi miaka mia mbili kabla ya Tempels! Katika mkutano huo Oruka aliigawa falsafa ya Afrika katika mikondo minne: ile inayohesabiwa kuwa ya kabila zima, ile ya wahenga, ile ya viongozi wa ukombozi kama Nyerere na Nkrumah, na ile ya wataalamu wa vyuoni. Mgawanyo huo ulisambaa kote, na baadaye aliuongezea mikondo miwili. Mwaka wa 1980 falsafa ilitenganishwa na masomo ya dini katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na Oruka akawa mkuu wa kwanza wa idara hiyo mpya.

Wapinzani hawakukosekana. Peter Bodunrin wa Nigeria alisema kwamba mzee anayeulizwa na profesa na kujibu, kile kinachozaliwa ni kazi ya wawili. Huenda falsafa yenyewe iko katika maswali ya profesa. Hoja hii si nyepesi. Oruka alijibu kwamba hata Socrates hakuandika neno. Tunamjua kupitia kwa Plato, na hakuna anayesema Socrates hakuwa mwanafalsafa. Tena Socrates mwenyewe alijilinganisha na mkunga. Mkunga husaidia, lakini mtoto ni wa mama. Binafsi naona jibu hili linatosha nusu. Ingekuwa vizuri zaidi tungesoma maneno ya wazee kwa lugha zao wenyewe, kwa kuwa kitabu, Sage Philosophy, kilichotoka mwaka wa 1990, kinawasikilizisha kwa Kiingereza, na sisi wa Chama cha Kiswahili tunajua vyema ni mangapi humwagika njiani neno linapotafsiriwa.

Oruka hakuwa mtu wa wahenga tu. Mapema, mwaka wa 1976, alitoa kitabu kuhusu adhabu na ugaidi katika Afrika, na humo alisema jambo ambalo likisomwa mbele ya darasa letu litaleta vita. Alisema adhabu ifutiliwe mbali. Hoja yake ni kwamba mhalifu hajiumbi mwenyewe. Kuna nguvu katika jamii, kama umaskini na malezi mabovu, zinazozaa uhalifu. Kumwadhibu mtu na kuziacha nguvu hizo ni sawa na kukata jani huku mzizi ukinywa maji. Jamii itibu, isilipize kisasi. Je, basi hakuna mtu anayestahili lawama? Mzee Chaungo alisema mwongo anajua anachofanya na anakifanya kwa tamaa. Profesa anasema tuangalie kilichomfikisha pale. Sijui kama wawili hawa wangepatana wangeketi pamoja, lakini ningelipa nauli kwenda kuwasikiliza.

Halafu ikaja kesi iliyoitikisa Kenya nzima. Tarehe 20 Desemba 1986 wakili mashuhuri S. M. Otieno aliaga dunia. Mjane wake, Wambui, alitaka amzike shambani kwao karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukasema la, Mjaluo huzikwa kwao, na kwao ni Nyalgunga, Siaya. Mwili ukakaa mochari miezi mitano huku mahakama ikisikiliza. Magazeti yaliisha mapema asubuhi. Profesa Oruka aliitwa upande wa ukoo kama mtaalamu wa mila za Kijaluo, akasimama kizimbani akahojiwa vikali na wakili wa mjane, John Khaminwa. Ukoo ulishinda, na Otieno akazikwa Nyalgunga mwezi wa Mei 1987.

Wengi walishangaa. Huyu si ndiye aliyewasifu wazee wanaosimama nje ya mila? Mbona leo anasimama ndani yake? Wengine walisema amejigeuza mhenga wa jadi. Kwa maoni yangu lawama hiyo ina ukweli kiasi, lakini si yote. Aliyeitwa kueleza mila anaieleza; na kuikosoa mila hakumaanishi kuona aibu kuijua. Hata hivyo, mjane alikuwa na hoja zake, na si wanawake wa Kenya peke yao walioona kwamba alinyimwa haki. Oruka hakuificha kesi hiyo. Aliiingiza katika kitabu chake cha wahenga watu wasome na waamue.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya kazi nyingi mno. Mwezi wa Julai 1991 aliongoza matayarisho ya kongamano la dunia la falsafa lililofanyika Nairobi, likijadili binadamu na mazingira. Mwaka wa 1992 alitoa kitabu cha mazungumzo yake na Jaramogi Oginga Odinga. Mwaka wa 1993 chuo chake cha zamani, Uppsala, kilimtunukia shahada ya heshima.

Na aliandika sana kuhusu tajiri na maskini. Nchi tajiri zilizoea kusema msaada ni huruma. Wakipenda wanatoa, wasipopenda basi. Oruka alikataa. Alisema kila mtu ana haki ya kiwango cha chini kabisa: usalama wa mwili, afya, na riziki ya kumweka hai. Asiyekuwa na hivyo hawezi hata kutumia akili yake kama binadamu, kwa hiyo kumdai awe mwadilifu ni dhihaka. Mtu mwenye njaa hana nafasi ya kuchagua mema.

Alitoa mfano wa familia yenye watoto sita. Wawili ni matajiri, mmoja wao tajiri kupita kiasi. Wanne ni maskini, na miongoni mwao wamo mafukara wa kutupwa. Tajiri anaweza kusema ni jasho langu au ni bahati yangu, na kuna ukweli hapo. Lakini wote sita wamezaliwa na wazazi walewale na wanadaiwa deni lilelile la malezi. Fukara akifa kwa njaa, aibu ni ya nyumba nzima. Dunia, alisema, ni mzazi wetu sote. Wakati huo Mmarekani Garrett Hardin alikuwa amekwisha kuilinganisha dunia na mashua ndogo baharini: ukiwapandisha wote itazama, kwa hiyo waache wengine wafe. Mfano wa mashua dhidi ya mfano wa mji wa mzee! Mtoto wa Ugenya alijua mji ni nini.

Tarehe 9 Desemba 1995 Profesa Odera Oruka alifariki katika ajali ya barabarani mjini Nairobi. Alikuwa na umri wa miaka 51. Aliacha makala nyingi, na mwaka wa 1997 zilikusanywa zikachapishwa kuwa kitabu kuhusu falsafa ya vitendo na kiwango cha chini cha maadili. Mwaka huohuo Anke Graness na Kai Kresse walihariri kitabu kingine cha kumkumbuka. Gail Presbey, mwanafalsafa wa Marekani, alikuja Kenya kuendeleza utafiti wa wahenga, akawahoji wengine ambao Oruka hakuwafikia, na mwaka wa 2023 akatoa kitabu kizima kuhusu maisha na fikra zake. Baadhi ya wazee walionaswa sauti katika miaka ile walikuwa wamezaliwa kabla ya reli kufika Kisumu mwaka wa 1901.